Maswali ya Wafugaji: Farasi, Punda na Paka katika Nchi ya Mbung'o

Barua za safari hii zimetoka Tabora na Kigoma, na ingawa kila mwandishi ana mnyama wake na shida yake, nyingi zinagusa jambo moja linalonisikitisha kila ninapolikuta, yaani dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mnyama mmoja kutumiwa kwa mwingine bila kuuliza. Barua nimezifupisha, na majina ya waandishi sikuyachapisha.

Swali: Daktari, salamu kutoka Sikonge. Ndugu yangu aliyeko Arusha amenitafutia farasi wawili, dume na jike, kwa bei ninayoimudu. Nakusudia kuwatumia kuzungukia shamba langu na mizinga yangu ya nyuki iliyomo porini. Wazee wa hapa wananiambia kwamba farasi hawaishi Unyamwezi. Je, hilo ni kweli, au wanasema hivyo kwa sababu hawajawahi kuwaona?

Jibu: Wazee wako wana haki ya kusema hivyo, nami nakuomba usitume hela Arusha kabla hujalisoma jibu hili hadi mwisho. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, akiwa na farasi wawili, na wote wawili walimfia Kingaru, mwendo wa siku chache tu kutoka pwani. Kabla yake, wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walioanza safari mwaka 1857 walipoteza punda wao wengi njiani. Sisemi kwamba wanyama hao wote waliuawa na ugonjwa mmoja, lakini njia ya kati, ile ya misafara kutoka pwani hadi Tabora, haijawahi kuwa njia ya farasi, na sababu zake tunazifahamu vizuri zaidi leo kuliko walivyozifahamu wasafiri wale.

Sababu ya kwanza ni mbung'o. Misitu ya miombo ya Sikonge, Urambo na Kaliua ina kivuli, joto na wanyamapori ambao mbung'o anawahitaji, na mbung'o hubeba vimelea viitwavyo tripanosoma, ambavyo kwa mifugo huleta ugonjwa wa ndorobo na kwa binadamu huleta malale. Ng'ombe wengi wenye ndorobo hukonda polepole na wengine huvumilia kwa miezi, lakini farasi ni mwepesi kushindwa, hasa anapopata aina ya kimelea kinachoitwa Trypanosoma brucei. Utaona homa inayopanda na kushuka, ufizi na ukope wa ndani kuwa mweupe kwa upungufu wa damu, uvimbe chini ya tumbo na kwenye miguu, kisha udhaifu wa sehemu ya nyuma unaomfanya ayumbe anapotembea. Asipotibiwa mapema, kwa kawaida hufa.

Sababu ya pili haizungumzwi sana huku kwa kuwa farasi ni wachache, nayo ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosababishwa na kirusi kinachoenezwa na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu. Pundamilia hukibeba kirusi hicho bila kuumwa, na punda wetu wengi hukivumilia, lakini kati ya farasi 100 wasio na kinga wanaoambukizwa wanaweza kufa 70 hadi 95. Mnyama huanza na homa, mashimo yaliyo juu ya macho huvimba, pumzi humwia ngumu, na katika aina kali ya ugonjwa povu jingi hutoka puani saa chache kabla ya kufa. Dawa ya kukiua kirusi hicho haipo. Kuna chanjo tu, nayo inatakiwa itangulie msimu wa mvua, yaani kwa huku kwetu iwe imekamilika kabla ya Novemba, kwa sababu usubi huongezeka mvua zinapoendelea.

Sasa tazama namna maadui hao wawili wanavyopokezana zamu. Mbung'o huuma mchana, na huvutwa na kitu cheusi au cha buluu kinachotembea, ambacho katika mpango wako kitakuwa ni farasi unayempitisha kwenye mizinga. Usubi huuma kuanzia jua linapozama hadi alfajiri. Farasi wa Sikonge kwa hiyo hana saa ya kupumzika isipokuwa wewe umpe, na kumpa maana yake ni kujenga banda lenye wavu wa matundu madogo sana, kumwingiza kabla ya magharibi, kumtoa jua likishachomoza, na kutompeleka porini mchana. Shughuli uliyokusudia kumfanyisha ndiyo hasa asiyopaswa kuifanya.

Kama shamba lako lingekuwa karibu na mjini Tabora, mahali palipofyekwa zamani na pasipo na vichaka, ningekujibu kwa upole zaidi, kwa sababu mbung'o wa porini hapendi kukaa mahali peupe. Kwa mizinga iliyomo msituni, nakushauri ununue baiskeli imara au pikipiki, na mizigo umwachie punda, ambaye kwa magonjwa haya mawili ana ustahimilivu mkubwa kuliko farasi, ingawa naye ndorobo humpata. Wewe mwenyewe pia jihadhari: malale imewahi kuripotiwa kwa watu katika wilaya za mkoa wetu, hivyo homa isiyoisha baada ya kuumwa na mbung'o ipeleke hospitali, ueleze ulikokuwa.

Iwapo utaamua kuendelea licha ya haya yote, basi yafuatayo si ya hiari. Farasi wachanjwe Arusha dhidi ya ugonjwa wa farasi na pepopunda wiki kadhaa kabla ya safari, wasafiri wakiwa na kibali cha kusafirisha mifugo, na damu yao ipimwe mara wanapofika na kila wanapopata homa. Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo hapa Tabora, na ni vyema kuchukua damu wakati homa iko juu, kwa sababu homa ikishuka vimelea huweza kutoonekana kwenye darubini. Mmoja akifa ghafla, usimpasue wala usimzike kabla ya kumwita afisa mifugo.

Kuhusu tiba, dawa za ndorobo ambazo wafugaji wanazifahamu kwa majina ya Berenil na Samorin zinaweza kutumika kwa farasi, lakini nafasi iliyopo kati ya kipimo kinachoponya na kipimo kinachodhuru ni finyu kuliko kwa ng'ombe, na sindano huacha uvimbe mbaya shingoni. Kwa hiyo uzito haukadiriwi kwa macho. Pima kwa sentimita mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzingo kwa mzingo, halafu kwa urefu, ugawanye kwa 11,880, nawe utapata uzito kwa kilo. Farasi mwenye mzingo wa sentimita 160 na urefu wa sentimita 145 atakuwa na kilo 312 hivi. Kipimo chenyewe akupangie daktari wa mifugo aliyemwona mnyama.

Jambo la mwisho kwako ni chakula, kwa kuwa najua pumba zinapatikana kwa urahisi. Farasi ni mla nyasi anayehitaji kula kidogo kidogo karibu mchana na usiku, kiasi cha kilo 2 za nyasi kavu kwa kila kilo 100 za uzito wake kwa siku, na maji lita 25 hadi 50 kutegemea joto na kazi. Hawezi kutapika, hivyo akila kibaya hakina njia ya kurudi. Mahindi au pumba zilizopata ukungu zinaweza kumharibu ubongo, na chakula cha kuku kilichotiwa monensini, dawa ya kuzuia kuhara damu kwa kuku, kinaweza kumuua kwa kuharibu moyo hata akila kiasi ambacho kuku hakimdhuru kabisa. Stoo ya kuku na banda la farasi zisikae pamoja.

Swali: Daktari, mimi ni mfugaji wa Ipuli, Tabora. Nina ng'ombe wanne na punda wawili ninaowanyunyizia dawa ya kupe na mbung'o kwa bomba la mgongoni. Dawa ikibaki huwa nawapaka paka wangu kwa ajili ya viroboto. Mwezi uliopita paka wawili walitetemeka, wakatoka mate, na mmoja akafa usiku uleule. Duka lilinihakikishia kwamba dawa ni salama kwa wanyama wote. Nimekosea wapi?

Jibu: Pole sana kwa paka wako. Dawa nyingi za kuogesha mifugo dhidi ya mbung'o ni za jamii ya pairethroidi, kama vile deltamethrini, saipamethrini na pamethrini, nazo zinasifiwa kwa haki kuwa salama kwa ng'ombe. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuzivunja na kuzitoa mwilini. Sumu hubaki, ikashika mishipa ya fahamu, na ndipo unapoona masikio yakichezacheza, mate, mtetemeko na hatimaye degedege. Pamethrini ndiyo mbaya kuliko zote kwa paka, lakini kwa mkusanyiko unaokusudiwa ng'ombe, hakuna hata mojawapo unayopaswa kumpaka. Aliyekuuzia aliwafikiria ng'ombe, mbuzi na punda, paka hakumkumbuka.

Hali hiyo ikijirudia, muoshe paka mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe kwa taulo, umfunike asishikwe na baridi, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo usiku huohuo. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula kwa nia ya kuua sumu, kwani paka anayetetemeka hupaliwa kwa urahisi. Vilevile usimpake mafuta ya taa. Na ninaomba wasomaji wote wanaofuga paka walishike hili: nusu tu ya kidonge cha Panadol inaweza kumuua paka, kwa sababu hiyohiyo ya ini, nayo hubadilisha damu yake ikashindwa kubeba hewa hadi ufizi ukawa na rangi ya matope.

Paka anaweza pia kuathirika bila wewe kumpaka chochote. Wengi hupenda kulala juu ya mgongo wa punda au kujisugua miguuni mwake, hivyo siku ya kunyunyizia wafungie paka ndani mpaka mifugo ikauke kabisa, na maji yaliyobaki kwenye bomba yafukiwe mbali na kisima. Kwa viroboto tumia chanuo lenye meno ya karibu, ulitumbukize chanuo hilo kwenye maji ya sabuni, ufue na kuanika juani kila kitambaa anacholalia, na ufagie sakafu kila siku, maana mayai na viluwiluwi vya kiroboto viko sakafuni zaidi kuliko mwilini. Ukihitaji dawa, nunua iliyoandikwa kwamba ni ya paka na inayotaja uzito wake.

Umesema una punda, lakini hukutaja dawa unayowanyunyizia. Soma lebo. Kama imeandikwa amitrazi, inayotumika sana kwa kupe wa ng'ombe, iache kabisa kwa punda, na kwa farasi pia, kwa sababu huweza kusimamisha utumbo usifanye kazi. Mnyama hujilaza, hugeuka kutazama ubavu wake, haoni choo, na huenda akafa kwa msokoto wa tumbo huku mwenyewe akidhani amekula mmea wa sumu.

Swali: Daktari, niko Nzega. Punda wangu anachechemea na kwato zake zimekuwa ndefu zikapinda mbele. Jirani ananishauri nimpake oili chafu kwenye kwato na kwenye kidonda cha mgongoni. Nifanyeje?

Jibu: Oili chafu haitibu kwato wala kidonda, huchoma nyama mbichi, na punda akijiramba au akimramba mwenzake huimeza. Kwato za punda hukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, na zilizoachwa hadi zikapinda hazirekebishwi kwa siku moja, bali hupunguzwa kidogo kidogo kwa awamu na mtu anayejua mahali nyama hai inapoanzia. Msimamishie kazi mpaka aache kuchechemea. Kila siku ichokonolewe tope na kokoto chini ya kwato, na alale mahali pakavu, kwa kuwa kwato ya punda hunyonya unyevu na kulainika upesi.

Kidonda cha mgongoni kioshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, kisha utafute kilichokisababisha, ambacho mara nyingi ni kamba nyembamba au mzigo unaokaa juu ya uti wa mgongo badala ya kukaa kwenye mbavu za pande zote mbili. Kidonda kikishapona lakini tandiko likawa lilelile, kitarudi. Muulize pia daktari kuhusu chanjo ya pepopunda, kwani punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoshambuliwa vibaya zaidi na ugonjwa huo, na msumari mmoja katika kwato unatosha. Punda akigoma kula kwa zaidi ya siku moja, usingoje kuona kesho itakuwaje: mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na kuharibu ini, na hilo humuua punda aliyenenepa kwa haraka kuliko mwembamba.

Swali: Daktari, nakuandikia kutoka Gungu, Kigoma. Paka wangu hula dagaa wabichi ninaporudi mwaloni, asubuhi na jioni, na hapendi kingine. Siku hizi anayumba na kichwa anakiinamisha. Nilidhani dagaa ndio chakula bora kwa paka.

Jibu: Dagaa wa Tanganyika ni chakula kizuri, lakini hakuna samaki mmoja anayeweza kuwa chakula chote cha paka. Baadhi ya samaki wabichi, hasa wa jamii wanamoingia dagaa, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayekosa vitamini hiyo hupoteza hamu ya kula, huyumba, huinamisha kichwa kuelekea kifuani, na baadaye hupata degedege. Dalili ulizozitaja zinafanana na hizo kiasi cha kunifanya nikuombe umpeleke kwa daktari leo, kwa kuwa sindano ya vitamini B1 ikiwahi huleta nafuu ya haraka. Magonjwa mengine pia huleta kuyumba, ndiyo maana sitaki utibu kwa kusoma jibu hili peke yake.

Akishapata nafuu, chemsha dagaa, kwa kuwa moto hukiharibu kimeng'enya hicho, na umpe pamoja na mchuzi wake, kwani taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kujitengenezea vya kutosha na ambacho macho na moyo wake hukitegemea, huyeyuka kwenye maji ya kupikia. Changanya na nyama, moyo wa kuku au wa ng'ombe, yai lililopikwa, na ini kidogo mara moja kwa wiki, si kila siku. Ugali si sumu, lakini sahani yenye ugali mwingi uliolowekwa kwenye mchuzi humshibisha paka bila kumlisha. Maziwa siyo lazima. Paka wengi wakubwa huharishwa nayo. Maji safi ni lazima.

Wengine husema paka akishiba hakamati panya. Si kweli, paka huwinda kwa silika hata akiwa ameshiba, na aliyeshiba ana nguvu zaidi. Anachohitaji ni wewe usiweke sumu ya panya ndani ya nyumba, maana panya aliyeila hutembea kwa siku kadhaa kabla ya kufa, na huyo ndiye paka humkamata kwa urahisi.

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi nina mimba ya miezi minne na ninaishi Cheyo, Tabora. Mama mkwe ameniambia nimtupe paka wangu kwa sababu paka huharibu mimba. Anasema hata mbuzi wake wawili walitupa mimba mwaka jana kwa sababu ya paka. Ninampenda paka huyu na ni mwaka wa tano niko naye.

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera. Mama mkwe wako ana hofu yenye msingi, lakini hukumu yake kwa paka ni kali mno. Kipo kimelea kinachoitwa toksoplasma ambacho huzaana ndani ya utumbo wa paka na kutoka na kinyesi chake, na mwanamke anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Hata hivyo, paka aliyeambukizwa hukitoa kwa muda wa wiki chache tu, mara nyingi mara moja katika maisha yake, na kinyesi kinahitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Kinyesi kikiondolewa kila siku, na mtu mwingine wa nyumbani, hatari hiyo hupungua sana. Kwa kazi hiyo mume wako anatosha. Paka akae ndani zaidi, ale chakula kilichopikwa, na apate chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Akikung'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali.

Wewe mwenyewe una njia nyingine za kukipata kimelea hicho zisizohusiana na kumshika paka: mishikaki isiyoiva ndani, mchicha usiooshwa vizuri, na kulima bustani bila glavu. Waeleze kliniki ya wajawazito kwamba unafuga paka, wakushauri kuhusu kipimo cha damu.

Kuhusu mbuzi wa mama, anaweza kuwa amesema kweli, kwa sababu kinyesi cha paka kikiingia kwenye majani ya mbuzi kinaweza kuwafanya watupe mimba, nayo majani yafunikwe. Lakini mbuzi wanaotupa mimba wanaweza kuwa na brusela, ugonjwa wa bakteria ambao mtu huupata kwa kushika uzazi wa mnyama au kunywa maziwa mabichi, na hiyo kwako ni hatari kubwa kuliko paka. Kwa miezi yote iliyobaki usishike mbuzi anayezaa, kondo lake wala kitoto kilichokufa, hata kwa glavu, na maziwa yao yachemshwe hadi yaumuke kabla hujayaonja. Mwombe mama, kwa heshima zote, amwite afisa mifugo wa kata achukue damu ya mbuzi hao ipelekwe maabara, na akikubali ampe pia historia ya mbuzi waliotoka kwenye kundi hilo kwenda kwa majirani.